Je, kujaza sifuri kunatosha kuandaa metadata ya faili jipya ndani ya kerneli?

#1 Mjenzi_Mdogo

Wanajukwaa, salaam. Ninaandika mfumo mdogo wa faili kama moduli ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya Linux, na kwa majuma kadhaa ninasumbuliwa na dalili mbili ambazo sijaweza kuamua kama chanzo chake ni kimoja au viwili.

Dalili ya kwanza hujitokeza ninapoendesha jaribio la michakato mingi inayounda na kufuta mafaili kwa wakati mmoja. Mara moja moja faili jipya huzaliwa likiwa na bendera, yaani alama, ya kuzuia kuandikwa, ilhali hakuna aliyeiweka. Nikifuatilia rekodi za jaribio naona kwamba bendera hiyo ilikuwa ya faili lililofutwa muda mfupi kabla. Dalili ya pili huja nikikata umeme katikati ya jaribio na kuiwasha mashine tena: baadhi ya mafaili mapya hukutwa na orodha ya ruhusa za ziada, yaani ACL, ambayo ni ya faili jingine lililokwisha kufutwa.

Msimamo wangu hadi leo umekuwa kwamba kumbukumbu iliyojazwa sifuri haiwezi kubeba mabaki, na ndiyo maana ninajaza sifuri muundo wangu wote wa inodi, yaani rekodi ya metadata ya faili kama mwenyewe, ruhusa na ukubwa, ndani ya kitengenezi (constructor) cha ghala la slabu, ghala ambalo kerneli hutolea vipande vya kumbukumbu. Mabaki haya yanapitia wapi?

#2 Ghala_la_Slabu

Umejijibu katika sentensi yako ya mwisho, mkuu. Kitengenezi cha slabu hakiitwi kila unapoomba inodi. Kinaitwa mara moja tu, pale ghala linapopata ukurasa mpya wa kumbukumbu na kuugawa katika vipande. Kipande kikitumika, kikarudishwa ghalani, kisha kikatolewa tena kwa mwombaji mwingine, kitengenezi hakipiti tena. Makubaliano ni kwamba anayerudisha kipande akirudishe katika hali ile ile ambayo kitengenezi kilikiacha. Wewe unakirudisha kikiwa na bendera ya faili lililofutwa, na anayekuja baada yako anairithi.

VFS, tabaka la kerneli lililo juu ya mifumo yote ya faili, imegawa kazi hii sehemu mbili kwa sababu hiyo hiyo. Kuna `inode_init_once`, inayoandaa vitu vinavyodumu maisha yote ya kipande, kama vile vichwa vya orodha, na kuna `inode_init_always`, inayopita kila inodi inapotolewa. Hata hivyo hiyo ya pili inasafisha inodi ya VFS peke yake. Nyuga zako binafsi, zile zilizo katika muundo unaoizunguka inodi hiyo, ni jukumu lako, na zinapaswa kuandaliwa katika `alloc_inode` yako, funksheni inayotoa inodi ya mfumo wako. Hamisha usafishaji uende huko.

#3 Karani_wa_Jonali

Maelezo ya #2 ni sahihi kwa dalili ya kwanza, lakini yanaiacha ya pili bila jibu. Umeme ukikatika kumbukumbu yote hupotea. Mabaki yanayoonekana baada ya kuwasha upya yametoka kwenye diski, na ghala la slabu halina la kusema juu ya diski. Naona tuna magonjwa mawili.

#4 Biti_ya_Saba

Kwa nini tusimalize suala hili kwa chaguo la `init_on_alloc`, ambalo limo ndani ya kerneli tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019? Likiwashwa, kila kumbukumbu inayotolewa hujazwa sifuri kabla ya kumfikia mwombaji. Mjenzi_Mdogo angepumzika.

#5 Ghala_la_Slabu

Ndugu Biti_ya_Saba, chaguo hilo ni zuri na mimi mwenyewe huliwasha, lakini hapa halisaidii. Ghala lenye kitengenezi hurukwa kwa makusudi, kwa kuwa kujaza sifuri kungefuta kazi ambayo kitengenezi kilishaifanya. Maghala ya inodi karibu yote yana kitengenezi. Kwa hiyo mahali ambapo tungelihitaji zaidi ndipo lisipogusa.

#6 Biti_ya_Saba

Nimeusoma msimbo na nimeona sharti hilo. Nashukuru kwa kunisahihisha.

#7 Msomi_wa_VFS

Ningependa kurudi kwenye kichwa cha uzi, kwa sababu naona tumekubali haraka mno kwamba tatizo ni *wapi* pa kujaza sifuri. Swali zito zaidi ni kama sifuri yenyewe ni thamani salama. Tumezoea kuichukulia kuwa ni utupu, ilhali katika metadata ya faili sifuri ni neno lenye maana kamili, na mara nyingi maana hiyo ni ya hatari.

Chukua namba ya mwenye faili. Sifuri ni mtumiaji mkuu. Inodi iliyojazwa sifuri na kusahauliwa uga huo ni faili la mtumiaji mkuu, hata kama limeundwa na mtu asiye na mamlaka yoyote. Chukua hesabu ya viungo: sifuri inamaanisha faili limekwisha kufutwa na linasubiri tu wa mwisho aliyelifungua aliache, ili bloki zake ziachiliwe. Ndiyo sababu `inode_init_always` huanzisha hesabu hiyo kwa moja. Chukua viashiria vya majedwali ya funksheni: kerneli haiviachi vikiwa tupu, bali huvielekeza kwenye jedwali lisilo na kitu, ili atakayeita asiangukie anwani ya sifuri.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ACL iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu. Kielekezi tupu katika uga huo hakimaanishi kwamba bado hatujaisoma orodha. Kinamaanisha kwamba tumekwisha kuangalia na faili hili halina orodha yoyote. Hali ya kutojua ina alama yake maalumu, `ACL_NOT_CACHED`, ambayo si sifuri. Ukijaza sifuri inodi nzima baada ya VFS kuiandaa, umeiambia kerneli kwamba hakuna vizuizi vya ziada, nayo itakuamini na kuwaruhusu watu ambao orodha iliyo kwenye diski inawakataza. Hiyo ni kasoro ya usalama iliyozaliwa na usafi.

Kwa hiyo jibu langu kwa kichwa cha uzi ni hapana. Kila uga unahitaji thamani yake, na aliyeandika mfumo wa faili anapaswa kuweza kueleza kwa nini kila thamani iko pale ilipo.

#8 Fundi_wa_Usiku

Niongezee kisa changu juu ya hoja ya #7. Miaka kadhaa iliyopita nilijaza sifuri muundo wote ndani ya `alloc_inode`, inodi ya VFS ikiwemo, nikidhani ninachukua tahadhari. Vichwa vya orodha na kufuli vilivyoandaliwa na kitengenezi vikafutika. Kichwa cha orodha kilicho tupu kinatakiwa kijielekeze chenyewe, na changu kilielekeza sifuri. Kerneli ilianguka mara ya kwanza inodi ilipotakiwa kuingizwa katika orodha ya kuandikwa diskini. Nilitumia siku mbili kumtafuta mwizi ambaye alikuwa ni mstari wangu mmoja wa usafi.

Mjenzi_Mdogo, ukihamisha usafishaji kama ulivyoshauriwa katika #2, gusa nyuga zako binafsi tu, moja baada ya nyingine kwa jina.

#9 Mlinzi_wa_Kufuli

Ninaomba kutofautiana kidogo na wote walionitangulia. Mnazungumza kana kwamba kuandaa metadata ni suala la thamani peke yake. Thamani zinaweza kuwa sahihi zote na bado mtu mwingine akaona mabaki, kwa sababu aliiona inodi kabla hujamaliza kuiandaa.

Fikirini mpangilio wa hatua. Unachukua inodi, unaipa namba, unaiingiza katika jedwali la heshi ambamo kerneli hutafuta inodi kwa namba, halafu ndipo unaweka bendera, ukubwa na ruhusa. Tangu ilipoingia katika jedwali, mchakato mwingine unaotafuta namba hiyo unaweza kuipata na kuisoma ikiwa nusu. Kerneli inatoa njia ya kuzuia jambo hili: `insert_inode_locked` huiingiza inodi ikiwa na bendera ya `I_NEW`, na yeyote anayeitafuta kwa `iget_locked` hawezi kuipata hadi `unlock_new_inode` iitwe. Ukiifungua mapema, au ukiiingiza katika jedwali kwa njia isiyoweka bendera hiyo, umefungua mlango wa nyumba ambayo haijaezekwa.

Hata hatua ya mwisho, ya kuunganisha inodi na jina lake, iliwahi kuwa na utata. Ukifungua inodi kwanza kisha ukaiunganisha na jina, kuna nafasi ya mtu kuifikia kwa kishikio, yaani kitambulisho cha faili kisichopitia jina, kabla jina halijakaa. Ukigeuza mpangilio, kuna nafasi nyingine upande wa pili. Ndiyo maana mwaka 2018 iliongezwa `d_instantiate_new`, inayofanya yote mawili kwa pamoja na kwa mpangilio salama. Tafadhali tuoneshe mpangilio wa hatua zako.

#10 Mjenzi_Mdogo

Nawashukuru nyote. Nimehamisha usafishaji wa nyuga zangu kwenda `alloc_inode`, kwa jina la kila uga. Dalili ya kwanza imepungua sana lakini haijaisha: awali iliibuka ndani ya dakika chache, sasa inachukua saa nzima au zaidi. Kuhusu mpangilio, naona aibu kusema kwamba nilikuwa ninaita `unlock_new_inode` kabla ya kuweka bendera zangu, kwa kuwa niliichukulia kuwa ni funksheni ya kufunga hesabu za VFS tu. Nitarekebisha na kurudi.

#11 Ghala_la_Slabu

Hakuna aibu hapo. Jina la funksheni halielezi kwamba ni tangazo kwa ulimwengu wote.

#12 Karani_wa_Jonali

Wakati tunasubiri, turudi kwenye dalili ya pili. Hoja ya Mlinzi_wa_Kufuli kuhusu mpangilio ina ndugu yake kwenye diski, na huyo ndugu ni mkubwa kwa umri. FFS, mfumo wa faili wa zamani wa BSD, ilikuwa inaandika inodi mpya diskini na kusubiri iandikwe kabla ya kuandika ingizo la saraka linaloielekezea. Ilikuwa polepole, lakini haikuwa rahisi kwa jina kuelekeza kwenye takataka. Kisha Ganger na Patt wakaonesha mwaka 1994 kwamba kinachohitajika ni kutunza mpangilio, si kusubiri, na McKusick pamoja na Ganger wakaeleza mwaka 1999 jinsi mbinu hiyo ilivyoingizwa katika FFS. Kanuni zake tatu ninazikumbuka kwa moyo. Usielekeze kamwe kwenye muundo ambao haujaandaliwa. Usitumie upya rasilimali kabla ya kufuta vielekezi vyote vya zamani vinavyoielekea. Usifute kielekezi cha mwisho cha kitu kilicho hai kabla kipya hakijawekwa.

Mjenzi_Mdogo, naamini unavunja kanuni ya kwanza au ya pili. Una jonali, yaani daftari ambamo mabadiliko huandikwa kwanza?

#13 Mjenzi_Mdogo

Ninayo, na inodi pamoja na ingizo la saraka huingia katika muamala mmoja.

#14 Karani_wa_Jonali

Basi maelezo yangu yamedhoofika, kwa kuwa muamala mmoja huingia wote au hauingii kabisa. Isipokuwa ACL yako iwe inaandikwa au kufutwa katika muamala mwingine. Je, unapofuta faili, unaifuta na orodha yake ndani ya muamala ule ule unaoiachilia inodi?

#15 Mpima_Baiti

Kabla hajajibu, ninayo dhana nyingine, na ninaiona kuwa na nguvu kuliko ya muamala. ACL hiyo imehifadhiwa wapi kwenye diski? Kama imo ndani ya inodi yenyewe, kwenye mkia wake, basi tuangalie ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux, inavyofanya.

Inodi ya ext4 kwa kawaida ni baiti 256. Baiti 128 za mwanzo ni muundo wa zamani uliotoka ext2, mtangulizi wake. Kisha kuna nyuga za nyongeza, ambazo kwa sasa zinachukua baiti 32, na urefu wake unatajwa na `i_extra_isize`. Baiti 96 zinazosalia hutumika kuhifadhi sifa za ziada, ACL zikiwemo. Eneo hilo la mkia hutambulika kwa alama maalumu mwanzoni mwake. Sasa fikiri: unatumia upya inodi ya faili lililofutwa, unaandika nyuga unazozijua wewe tu, na mkia unauacha kama ulivyoukuta. Alama ya zamani bado ipo. Mfumo ukiisoma inodi hiyo baada ya kuwasha upya utaona alama, utaamini, na utaifufua ACL ya marehemu.

Ext4 hujikinga kwa kukumbuka kwamba inodi ni mpya, na inapoinakili mara ya kwanza kwenda katika bafa la diski huijaza sifuri nafasi nzima ya inodi, mkia ukiwemo, kabla ya kuandika uga wowote. Hapa, nikiomba radhi kwa Msomi_wa_VFS, sifuri ndiyo jibu, kwa kuwa kwenye mkia huo sifuri inamaanisha hakuna alama na kwa hiyo hakuna sifa.

#16 Msomi_wa_VFS

Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Umeeleza kwa nini sifuri ni thamani sahihi pale, na hicho ndicho nilichokitaka.

#17 Biti_ya_Saba

Lakini chombo cha kuunda mfumo wa faili si huwa kinajaza sifuri jedwali lote la inodi tangu mwanzo? Mabaki yatatoka wapi kwenye diski mpya?

#18 Mpima_Baiti

Mabaki ya faili lililofutwa yanatoka kwenye matumizi yenyewe, baada ya diski kuanza kazi. Na hata hilo la mwanzo si la uhakika. Kwenye ext4 chombo cha kuunda kinaweza kuliacha jedwali bila kulisafisha, na uzi wa ndani wa kerneli uitwao `ext4lazyinit` hulisafisha taratibu baada ya mfumo kupachikwa. Kinachouwezesha mpango huo kuwa salama ni kwamba kila kundi la bloki lina bendera inayosema kama jedwali lake limeandaliwa, na maelezo ya kundi yanalindwa kwa jumla ya ukaguzi (checksum), ili bendera iliyoharibika isiaminiwe. UFS2, mfumo wa faili wa FreeBSD, nayo haiandai inodi zote mwanzoni. Huandaa bloki chache, na nyingine huandaliwa kadiri zinavyohitajika, huku kila kundi likitunza hesabu ya zilizokwisha kuandaliwa.

#19 Fundi_wa_Usiku

Mpima_Baiti ni nadra kuandika ujumbe usio na neno baiti ndani yake, na leo nimefurahi kuusoma. Ongezeni na kasoro ya usalama iliyoorodheshwa kama CVE-2019-11833: ext4 hiyo hiyo ilikuwa haijazi sifuri sehemu isiyotumika ya bloki ya mti wa ekstenti, unaoonesha data za faili ziko wapi diskini, na vipande vya kumbukumbu ya kerneli vikawa vinaandikwa diskini. Inodi yenyewe ilikuwa imetunzwa vizuri, lakini jirani yake alisahauliwa.

#20 Mtunza_Ruhusa

Naomba tusiwe watu wa mabaki peke yake. Faili jipya linaweza kuandaliwa bila chembe ya mabaki na bado likawa hatari, kwa sababu thamani *iliyokokotolewa* ni mbaya. Kisa kinachojulikana ni CVE-2018-13405. Saraka ikiwa na biti ya setgid, faili linaloundwa ndani yake hurithi kundi la saraka. Mtumiaji ambaye si mwanachama wa kundi hilo, lakini anaruhusiwa kuandika katika saraka, aliweza kuunda faili la kawaida lenye kundi lisilo lake pamoja na ruhusa ya kuendeshwa na biti ya setgid, inayompa anayeliendesha mamlaka ya kundi hilo. Marekebisho yaliingizwa katika `inode_init_owner`, ambayo ndiyo mahali pamoja palipokusudiwa mifumo yote iamulie mwenye faili, kundi na ruhusa.

Sasa sikilizeni kilichofuata. XFS, mfumo mwingine wa faili, ilikuwa na njia yake yenyewe ya kufanya kazi hiyo, isiyopitia funksheni ile, na udhaifu ule ule ukarudi kwa jina la CVE-2021-4037. Ninalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu nimekagua mifumo kadhaa midogo ya watu binafsi, na karibu yote ilikuwa imenakili mistari ya uid na gid (namba za mwenye faili na kundi) kwa mkono badala ya kuita funksheni iliyopo. Mjenzi_Mdogo, unaiita?

#21 Mjenzi_Mdogo

Siiti. Nilinakili mistari hiyo kutoka mfumo mwingine. Nitabadilisha leo hii.

#22 Bloki_Iliyopotea

Kuna njia moja ambayo hakuna aliyeigusa, nayo ndiyo iliyowahi kuniharibia diski nzima ya majaribio: njia ya kushindwa.

Nilikuwa nimepata inodi kutoka `new_inode`, kisha hatua iliyofuata ikashindwa kwa kukosa nafasi. Nikashusha hesabu ya viungo hadi sifuri, nikaita `iput`, inayoiachia inodi, na kurudisha kosa, kama inavyopaswa. Lakini `iput` ya mwisho huita `evict_inode`, inayoiondoa inodi kwenye kumbukumbu, na `evict_inode` yangu, ikikuta hesabu ya viungo ni sifuri, huachilia bloki zote zinazotajwa ndani ya inodi. Nyuga za bloki zilikuwa hazijaandaliwa bado. Zilikuwa na anwani za mmiliki wa zamani wa kipande kile cha slabu, na baadhi ya anwani hizo zilikuwa zimekwisha kupewa mafaili mengine yaliyo hai. Kwa hiyo jaribio lililoshindwa kuunda faili moja liliachilia bloki za mafaili ya watu. Uharibifu ulionekana siku iliyofuata, mbali kabisa na chanzo chake.

Tangu hapo huanza na kujiuliza: kama kazi ikikatikia kwenye mstari huu, je, anayefuta ataona kitu anachoweza kukiamini? Uga wa bloki huuandaa kabla ya uga mwingine wowote, hata kabla ya kuomba namba ya inodi. Na inodi iliyoshindwa kusomwa kutoka diskini huikabidhi kwa `iget_failed`, ambayo huigeuza kuwa inodi mbovu isiyoweza kutumika, badala ya kuiacha nusu ndani ya jedwali.

#23 Mlinzi_wa_Kufuli

Hiki ni kisa ambacho kinafaa kusomwa na kila anayeandika `evict_inode`. Nyongeza yangu ni ndogo: namba ya inodi isirudishwe katika ramani ya biti, inayoonesha namba zipi ziko huru, kabla ya inodi ya zamani kumaliza kusafishwa kwenye kumbukumbu. Ext4 ina maelezo ya wazi ndani ya msimbo wake kwamba usafishaji ufanyike kabla ya kutangaza namba kuwa haitumiki. Ukigeuza, namba moja inaweza kuwa na inodi mbili kwa muda, moja inayokufa na nyingine inayozaliwa, na hiyo nayo ingeweza kueleza dalili ya kwanza.

#24 Saa_ya_Mfumo

Samahani kwa kuupeleka uzi kando kidogo, ila kwa kuwa Mpima_Baiti ametaja inodi ya baiti 128, nyakati nazo ni metadata inayohitaji kuandaliwa. Inodi hiyo fupi ina nafasi ya sekunde za biti 32 zenye ishara ya chanya au hasi, zinazoishia mwaka 2038. Inodi ndefu ina biti mbili za ziada kwa sekunde, zinazofikisha hadi mwaka 2446, na biti 30 za nanosekunde. Hizo ziko katika eneo la nyongeza, hivyo zikiachwa na mabaki, faili jipya linaweza kuonekana limeundwa zaidi ya karne moja ijayo.

#25 Mpima_Baiti

Hujaupeleka kando. Nimewahi kukuta tarehe ya namna hiyo, na ilinionesha kwamba mkia ulikuwa haujasafishwa kabla sijaona dalili nyingine yoyote. Ni kipimo kizuri na rahisi.

#26 Mwandishi_wa_Programu

Mimi si mtu wa kerneli, ila naona kanuni yenu inatuhusu hata sisi tulio juu. Wengi huunda faili kwa ruhusa pana kisha huita `chmod` kulibana, na katika kipindi kilicho katikati mtu mwingine ameshalifungua. Aliyekwisha kulifungua hapotezi haki yake ruhusa zikibadilika baadaye. Tangu Linux 3.11 ya mwaka 2013 kuna `O_TMPFILE`: unaunda faili lisilo na jina, unaweka mwenye faili, ruhusa na sifa zake kwa utulivu, unaandika yaliyomo, kisha unalipa jina kwa `linkat`.

#27 Karani_wa_Jonali

Ni kweli, na tazama jinsi ext4 inavyolitunza faili hilo: hesabu ya viungo ni sifuri na inodi imo katika orodha ya mayatima, kwa hiyo umeme ukikatika kabla ya jina kuwekwa, mfumo hulifuta wenyewe unapopachikwa tena. Hata hivyo njia hii haimwondolei Mjenzi_Mdogo mzigo wake.

#28 Mjenzi_Mdogo

Wakuu, nimerudi na matokeo ya siku tatu. Nimehamisha `unlock_new_inode` hadi mwisho kwa kutumia `d_instantiate_new`, ninaita `inode_init_owner`, ninaandaa uga wa bloki kwanza, na ninajaza sifuri nafasi nzima ya inodi diskini inapoandikwa mara ya kwanza. Kwa swali la #14, jibu ni kwamba ACL ilikuwa inafutwa katika muamala wa pili, na sasa nimeuunganisha na wa kwanza.

Dalili ya pili haijaonekana katika mikato arobaini ya umeme. Kwa bahati mbaya niliingiza marekebisho mawili pamoja, hivyo sijui kama mwizi alikuwa mkia au muamala. Dalili ya kwanza imeonekana mara mbili tu kwa siku tatu, na zote mbili katika sehemu ya jaribio inayofungua mafaili kwa vishikio badala ya majina.

#29 Msomi_wa_VFS

Kwa vishikio? Basi angalia namba ya kizazi. Kishikio hubeba namba ya inodi pamoja na kizazi chake, ili mwenye kishikio cha faili lililofutwa aambiwe kwamba kimepitwa na wakati badala ya kupewa faili jipya lililorithi namba ile. `inode_init_always` huweka kizazi kuwa sifuri, na kama hukiweki mwenyewe, kila inodi yako ina kizazi hicho hicho. Ext4 hukichagua kwa bahati nasibu. Huenda jaribio lako linasoma faili jingine na kudhani ni lile la mwanzo, na bendera unayoiona ni halali kabisa.

#30 Mlinzi_wa_Kufuli

Siafiki kwamba kizazi peke yake kinatosha. Bendera aliyoitaja ilikuwa ya faili *lililofutwa*, ikaonekana kwenye *jipya*. Kosa la kizazi lingemwonesha mwenye kishikio cha zamani nyuga za faili jipya, na hilo ni kinyume cha alichokieleza. Mimi bado ninaishuku ramani ya biti ya #23. Naomba arekodi wakati namba inaporudishwa na wakati `evict_inode` inapomaliza.

#31 Mjenzi_Mdogo

Nimeangalia kizazi: ni sifuri kwa inodi zote. Nitakirekebisha peke yake kwanza na kuliacha jaribio likimbie, kisha ndipo nitaigusa ramani ya biti, ili safari hii nisichanganye marekebisho mawili.